Jikaze: kisa cha wauguzi wanagenzi wa London

Katika miaka ya 1950 viongozi wa uuguzi wa hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini London waliomba msaada. Shida waliyoipeleka ilikuwa ya ratiba: wawapange vipi wanafunzi wa uuguzi katika wodi za mazoezi? Wodi zilitaka watu wa kufanya kazi. Mafunzo yalitaka kila mwanafunzi apitie aina zote za wagonjwa kabla ya mtihani. Kila mahitaji hayo mawili yalipogongana, wodi ilishinda, maana mgonjwa hasubiri. Wakubwa waliona mpangilio mzima uko karibu kuvunjika.

Aliyekwenda kuwasaidia alikuwa Isabel Menzies wa Taasisi ya Tavistock, kituo cha London kinachochunguza jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja; alikuwa mtaalamu wa mambo ya nafsi kutoka Scotland, ambaye baadaye alijulikana kama Menzies Lyth. Yeye na wenzake walizungumza na wauguzi wapatao 70, mmoja mmoja au katika vikundi vidogo, wakazungumza pia na madaktari wakubwa na watawala, kisha wakakaa wodini wakitazama kazi inavyokwenda. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1960. Habari ya ratiba imo, ila imemezwa na habari nyingine. Kila alikogusa, Menzies alikuta hofu na huzuni nyingi kiasi kwamba alijiuliza wauguzi hawa wanaivumiliaje kazi hii.

Mimi ni mwalimu wa wanafunzi wa uuguzi wodini, Tanzania. Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kila ninapopokea kundi jipya hunirudia. Mwanafunzi akianza kuchelewa, kukonda, kulia chooni au kuleta cheti cha ugonjwa kila baada ya wiki mbili, sisi walimu humwangalia yeye. Ana nini? Ana shida nyumbani? Kazi hii ni ya wito, huenda hana wito. Menzies aliiangalia wodi. Alichokiona ni kwamba yale yote yaliyowekwa ili muuguzi asiumie ndiyo yaliyokuwa yakimuumiza.

Kwanza tuwajue hao wanafunzi. Hospitali ilikuwa na wauguzi wapatao 700. Waliohitimu walikuwa kama 150 tu, waliobaki wote walikuwa wanafunzi. Mafunzo yalichukua miaka minne: mitatu mpaka mtihani wa kusajiliwa, na mmoja zaidi wa kutumika hapo hapo. Wale 150 walisimamia, walifundisha na kuongoza wodi. Aliyemwosha mgonjwa, aliyemgeuza, aliyemwekea chombo cha haja, aliyekesha naye usiku akihangaika, karibu kila mara alikuwa mwanafunzi. Mafundi wetu wa pwani wangemwita mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi. Mtindo huo ulikuwa na karibu miaka mia Uingereza. Florence Nightingale alifungua shule yake katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860, na tangu hapo hospitali nyingi za huko zilizoea kuendeshwa na mikono ya wanaojifunza.

Mwanagenzi wa jahazi akikosea kipimo, ubao hutupwa na mwingine hukatwa. Mwanagenzi wa wodini ameshika mtu.

Tukae hapo kidogo, kwa sababu sisi tuliozoea tumesahau. Chukua msichana wa miaka 18 au 19, aliyetoka kwao juzi. Leo anasafisha kidonda kinachonuka. Kesho anamvua nguo mwanamume wa umri wa baba yake ili amwoshe. Keshokutwa anamshika mtoto anayelia apigwe sindano, na mtoto yule anamtazama yeye kama adui. Mgonjwa anampenda kuliko inavyostahili, au anamchukia bila kosa. Ndugu wa mgonjwa wanamwuliza, “Atapona?” naye anajua jibu ila hana ruhusa ya kulisema, au hajui na anaona aibu kusema hajui. Ndani yake huruma imechanganyika na kinyaa, na upendo umechanganyika na hasira kwa mgonjwa aliyemfanya asikie yote hayo. Kisha anajilaumu kwa kuwa na hasira. Menzies aliliandika hili bila kuficha: kazi yenyewe, hata wodi ingekuwa na watu wa kutosha na dawa za kutosha, inatisha. Si udhaifu wa mtu.

Swali lake lilifuata hapo. Ikiwa kazi inatisha kiasi hiki, hospitali imejengaje kinga?

Kinga ya kwanza ilikuwa kuigawa kazi vipande vipande. Wodi yenye wagonjwa thelathini hivi haikugawanywa kwa wagonjwa. Iligawanywa kwa shughuli. Huyu anapima joto la wote, huyu anatandika vitanda vyote, yule anapitisha vyombo vya haja. Kila mwanafunzi anamgusa kila mgonjwa kidogo, na hakuna anayekaa na mmoja kutwa. Ukipima joto la watu thelathini hupati nafasi ya kumpenda hata mmoja, na usipompenda hutaumia akifa. Hiyo ndiyo hesabu ya siri iliyokuwa ndani ya mpangilio ule, ingawa hakuna aliyekaa akaipanga kwa kusudi.

Ya pili ilikuwa kumnyang'anya mgonjwa jina. Menzies aliwasikia wauguzi wakisema “ini la kitanda namba 10” au “nimonia ya kitanda namba 15”. Wauguzi wenyewe walisema si vizuri kumwita mtu hivyo, na bado waliendelea. Nilipoisoma sehemu hii mara ya kwanza nilifunga karatasi. Asubuhi ileile, wakati wa kukabidhiana zamu, nilikuwa nimesema, “Yule wa sukari pale dirishani hajalala.” Yule wa sukari alikuwa mzee mwenye jina, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye faili nililolishika mkononi.

Upande wa muuguzi nako jina lilikwenda. Ilitakiwa isiwe na tofauti ni muuguzi gani anamhudumia mgonjwa gani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ni mwanafunzi wa mwaka wa pili; akiondoka huyu analetwa mwingine wa kimo hichohicho. Menzies aliiona sare ya uuguzi kama alama ya jambo hilo: nguo moja nje, na matarajio ya moyo mmoja ndani.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini waliwahamisha bila kusita. Mpango ulisema mwanafunzi akae wodi moja kwa miezi kadhaa. Mara nyingi hakumaliza. Wodi nyingine imepungukiwa, anaitwa, anakwenda, pengine bila kupata nafasi ya kuwaaga wagonjwa aliowazoea. Wakubwa walijua inaumiza. Waliamini kwamba muuguzi mzuri hujifunza kutojali kuhamishwa, na kwamba mwanafunzi akihamishwa mara nyingi moyo utakomaa. Wanafunzi walimwambia Menzies kinyume chake. Kila hamisho lilikuwa msiba mdogo: umepoteza wagonjwa wako, umepoteza wenzako, unaanza upya kuwa mgeni, na hakuna anayelitambua hilo kuwa ni msiba.

Ziko kinga nyingine nitazipitia haraka. Kila tendo lilipewa utaratibu usiobadilika, ili mwanafunzi asihitaji kuamua lolote. Matokeo yake wagonjwa waliamshwa mapema ingawa wauguzi wenyewe waliona bora walale. Uamuzi mdogo ulikaguliwa na mtu wa pili na wa tatu. Jukumu lilipandishwa ngazi mpaka mtu mwenye uwezo mkubwa akajikuta anafanya kazi ya chini ya uwezo wake. Na iliaminika kwamba muuguzi huzaliwa hivyo, kwa hiyo mkazo uliwekwa kwenye kuchagua watu wanaofaa na kidogo sana kwenye kuwakuza waliokwisha kuchaguliwa. Imani hiyo ya mwisho ni ndugu wa ile yetu ya “wito”. Mwenye wito hatakiwi kuchoka, na anayechoka ameonyesha kwamba hakuwa nao. Sijui neno lililowafungia wanafunzi wengi mlango wa kuomba msaada kuliko hilo.

Sehemu inayoniumiza zaidi ni ile ya wakubwa na wadogo. Menzies aligundua kwamba karibu kila muuguzi aliwaona walio chini yake kuwa hawawajibiki, na aliwaona walio juu yake kuwa wakali kupita kiasi. Wa mwaka wa tatu alisema hivyo juu ya wa mwaka wa kwanza. Sista wa wodi alisema hivyo juu ya wa mwaka wa tatu. Alieleza kwamba kila mtu anabeba ndani yake mtu mzembe anayetaka kukimbia mzigo, na mtu mkali anayemkemea. Kuwabeba wote wawili ni kazi. Basi yule mzembe unamvika mdogo wako, na yule mkali unamvika mkubwa wako. Mwanafunzi akikosea anakemewa kwa ukali unaozidi kosa, kwa sababu anakemewa kwa kosa lake na kwa hofu ya mtu mwingine pia.

Lakini wakubwa hao hawakuwa watu wagumu. Hili Menzies alilisisitiza, nami nataka kulisisitiza zaidi. Walikuwa na huruma nyingi na wanafunzi wao. Walikosa njia ya kuionyesha ndani ya kazi. Njia waliyoijua ilikuwa nidhamu, mzaha wa kupuuza, na kumwambia mtu ajikaze.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja alipofariki mikononi mwangu nikimlisha uji. Nilikuwa nimemlisha siku nne mfululizo, na alishaanza kunisimulia habari za shamba lake la migomba. Nilibaki nimeshika kijiko. Sista wa zamu alikuja, akamgusa shingoni, akanitazama na kusema, “Jikaze, mwanangu. Lete shuka.” Nikaleta shuka. Tukamtengeneza marehemu pamoja, kimya, kisha akanituma nikapime joto upande wa pili. Jioni wakati wa kutoka alinikuta getini, akaninunulia soda, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaimaliza. Hakusema neno juu ya yule mama. Kwa miaka mingi niliibeba ile “jikaze” kama kofi. Baadaye sana, akiwa amestaafu, nilimwuliza. Alisema, “Ningekaa na wewe pale wodini, ningelia mimi kwanza. Na dawa za saa nane nani angezitoa?”

Huo ndio utaratibu ambao Menzies anauelezea. Sista yule alikuwa na huruma. Wodi haikuwa na mahali pa kuiweka huruma hiyo, na kwa hiyo aliipeleka getini, kwenye soda.

Sasa tuhesabu gharama. Katika hospitali ile ya London, karibu theluthi moja ya wanafunzi hawakumaliza mafunzo. Wengi wao hawakufukuzwa wala hawakushindwa mtihani. Waliondoka kwa kutaka kwao. Wakubwa nao walibadilisha kazi mara kwa mara kuliko watu wa kazi nyingine za namna hiyo. Siku za ugonjwa zilikuwa nyingi, hasa maradhi madogo ya kumkosesha mtu kazi siku chache: kichwa, tumbo, mafua. Mwili ulikuwa unaomba ruhusa ambayo mdomo haukuweza kuomba.

Na walioondoka ni akina nani? Hapa kisa kinageuka, na ndiyo maana sikubali kuwaita walioacha kuwa ni watu dhaifu. Menzies alihisi kwamba miongoni mwao walikuwamo wengi waliokuwa bora: waliokomaa zaidi, wenye uwezo wa kufikiri na kuamua, waliosononeka kwa kuona mgonjwa hahudumiwi kama walivyoamini anastahili. Mpangilio uliwafaa zaidi wale waliokubali kuzima moyo. Aliyetaka kumjua mgonjwa kwa jina, kukaa naye, kuamua jambo na kulibeba, alikuta milango imefungwa. Hata furaha ya kazi alinyimwa. Mgonjwa akipona na kwenda nyumbani, anaishukuru hospitali; mwanafunzi aliyepima joto lake mara kumi na nne hawezi kusema, “Huyu nilimwuguza mimi.” Kikulacho ki nguoni mwako. Kinga iliyoondoa uchungu wa kufiwa iliondoa pia kitu pekee ambacho kingemfanya mtu auvumilie uchungu huo.

Nina mahali ninapotofautiana na Menzies. Alikuwa mfuasi wa Melanie Klein, mtaalamu wa nafsi aliyechunguza hisia za watoto wadogo, na alieleza hofu ya wauguzi kwa kuirudisha kwenye hofu za mtoto mchanga, zile za upendo na uharibifu zinazokaa chini kabisa ya nafsi. Huenda ni kweli. Mimi sihitaji kwenda mbali hivyo ili kumwelewa msichana aliyeona mtu akikata roho. Pia naona aligusa kwa wepesi mno ukweli kwamba wanafunzi hawa walikuwa wafanyakazi wa bei nafuu. Kinga zile zilidumu kwa sababu ya hofu, ndiyo, lakini pia kwa sababu kumhamisha mwanafunzi hakukuigharimu hospitali kitu. Hospitali ambayo ingelazimika kulipa mshahara kamili wa mtu kwa kila pengo ingefikiri mara mbili kabla ya kumng'oa mwanafunzi wodini katikati ya mwezi.

Hospitali ilifanya nini baada ya ripoti? Ilibadilisha mambo machache, yale yaliyohusu ratiba na mafunzo, yaani shida waliyoileta mwanzoni. Kinga zenyewe zilibaki karibu kama zilivyokuwa. Menzies hakushangaa. Kubadilisha kinga kunamlazimu mtu akae muda fulani bila kinga yoyote, na hakuna anayependa kuwa wa kwanza.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mpango ulioitwa Project 2000 uliyatoa mafunzo ya uuguzi Uingereza katika shule za hospitali na kuyapeleka vyuo vya elimu ya juu. Mwanafunzi akiwa wodini hakutakiwa tena kuhesabiwa kama mmoja wa wafanyakazi wa zamu, alikuja kujifunza. Kinga ya vipande nayo ililegea pale wodi zilipoanza kumkabidhi muuguzi wagonjwa wake mwenyewe badala ya orodha ya shughuli.

Kisha mwaka 2017 mwanagenzi akarudi, safari hii kwa mlango wa shahada. England ilianzisha uanagenzi wa uuguzi ambao mtu anaajiriwa na hospitali, analipwa mshahara, mwajiri anagharamia masomo, na mwishoni anasajiliwa sawa na aliyesoma chuo kikuu kwa njia ya kawaida. Masharti ya saa ni yaleyale: saa 4,600, nusu darasani na nusu kwa vitendo. Wengi wanaoingia walikuwa wasaidizi wa wodini kwa miaka mingi. Ni watu wazima, wana watoto, wana kodi ya nyumba, na bila njia hii wasingeweza kuacha mshahara ili wasome. Naisifu njia hiyo bila kusita. Imewafungulia watu waliofungiwa.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliolewa huko, akaanza kama msaidizi wa wodi, sasa ni mwanagenzi. Tunazungumza kwa simu Jumapili. Ananieleza kwamba kinachomchosha kuliko kusoma usiku ni kubadilika. Jumatatu na Jumanne ni msaidizi, anavaa sare ya wasaidizi, anajua kila kona ya wodi na watu wanamtegemea. Jumatano anavaa sare ya wanafunzi na anatakiwa awe mgeni anayeuliza. “Mwalimu,” aliniambia, “Jumatano mtu akiita ‘nisaidie kumgeuza huyu’, nikikataa kwa sababu niko kwenye saa za kujifunza, naonekana najidai. Nikikubali, siku imekwisha na sijajifunza kitu.” Sheria iko upande wake: akiwa kwenye mafunzo hatakiwi kuhesabiwa kwenye idadi ya zamu. Lakini wenzake wanaomwita ni marafiki zake wa Jumatatu, na mgonjwa anayetaka kugeuzwa anamjua kwa jina. Anakataaje?

Ugomvi uleule wa miaka ya 1950 kati ya wodi na mafunzo umehamia ndani ya mtu mmoja. Zamani ulikuwa juu ya meza ya metroni. Leo anakwenda nao nyumbani, anapika nao chakula, analaza nao watoto. Akishindwa kazi ya chuo anaogopa kupoteza ajira. Akigombana na msimamizi wake wa kazi anaogopa kupoteza masomo. Mwanafunzi wa kawaida akiona wodi haimfai ana mahali pa kukimbilia, yaani chuo chake. Kwa mwanagenzi, mwajiri na mahali pa kujifunzia ni nyumba moja. Alalamike kwa nani?

Uingereza wana vitu viwili ambavyo navitamani. Kimoja ni vikao vinavyoitwa duru za Schwartz, kwa jina la mwanasheria wa Boston, Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 na kuacha fedha za kusaidia utu katika matibabu. Hospitali za Uingereza zilianza kuvijaribu mwaka 2009. Watu wa kada zote, kuanzia mfagizi mpaka daktari bingwa, wanakaa pamoja kwa saa moja na kusimulia namna kazi inavyowagusa. Hawatafuti suluhisho wala mkosaji. Kingine kilianza mwaka 2021, ambapo wauguzi wanafundishwa kuwa watetezi wa wenzao: mtu wa wodini mwenye muda rasmi wa kukaa na muuguzi na kumsikiliza. Hivi vyote viwili ni mahali pa kuiweka ile huruma ya getini, ndani ya saa za kazi.

Kwetu hakuna uanagenzi wa namna hiyo kwa jina, lakini vyuo vyetu vingi vya mwanzo vya uuguzi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, vilikulia ndani ya hospitali kwa mtindo wa Kiingereza. Maneno sista, metroni na wodi yalikuja pamoja na tabia zake. Na kila anayefundisha anajua kwamba wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini humtumia mwanafunzi kama jozi ya mikono, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Siwezi kubadilisha idadi hiyo. Nilichoweza ni vitu vidogo, na kila kimoja nimekitoa katika kisa hiki.

Mwanafunzi wangu hupewa wagonjwa wake, hata wawili tu, kwa siku zote atakazokuwa wodini, na wakati wa kukabidhiana zamu anawataja kwa majina. Shughuli nyingine atafanya, maana lazima zifanyike, ila hao wawili ni wake. Mmoja wao akifariki, mwanafunzi hatumwi upande wa pili mpaka nimekaa naye dakika kumi. Mwanzoni wauguzi wa wodi walinuna. Dakika kumi ni nyingi. Nikawaomba wakae nasi. Inchaji wa wodi mmoja, mama wa miaka mingi kazini, alikaa mara ya kwanza ameshika chati kifuani kama ngao. Mara ya tatu aliiweka chini.

Mwanafunzi akikosea, namwuliza kwanza ilikuwaje, ndipo namwambia kosa. Mpangilio huo wa maneno mawili umenifundisha zaidi ya nilivyomfundisha yeye. Na kuhama wodi, anaambiwa wiki moja kabla, akawaage.

Kuna jambo ambalo kisa cha London hakilitoshelezi, nalo ni ugonjwa wenyewe. Si kila anayelia chooni analizwa na wodi. Mwanafunzi asiyelala, asiyekula, asiyefurahia chochote kwa wiki mbili au zaidi, anayesema yeye ni mzigo au kwamba afadhali asingekuwapo, huyo ni mgonjwa na anahitaji matibabu siku ileile, kama ambavyo tungempeleka angekuwa na homa kali. Dakika kumi za benchi hazimtoshi. Kwa huyo siulizi juu ya wito wala masomo. Namwuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana, na simwachi peke yake mpaka nimemfikisha kliniki ya afya ya akili. Nimewahi kumsindikiza mmoja. Njiani alirudia mara tatu, “Mwalimu, usiwaambie wodini.” Aliogopa wauguzi kuliko alivyoogopa ugonjwa, na wauguzi hao ndio watu waliosomea kuuguza.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifiwa na mgonjwa wake, mvuvi wa makamo. Tulikaa naye, mimi na yule inchaji. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba anajilaumu, kwa sababu asubuhi yule mvuvi alimwomba maji naye akamwambia “subiri kidogo”, akaenda kumalizia vitanda. Nilikuwa natafuta la kumwambia. Inchaji akanitangulia. Alimsimulia juu ya mgonjwa wake mwenyewe, wa mwaka wa pili wa mafunzo yake, aliyemwomba afungue dirisha. Alimtaja kwa jina lake lote, na jina la kijiji alikotoka.

Dawa za saa nane siku hiyo zilitoka saa nane na robo.